Siku moja katika jiji la Coventry, Uingereza

(Maneno yaliyosemwa mjini Kalemie mbele ya familia zilizohamishwa na viongozi wa baraza)



Mlitutuma sisi watu sita, wanawake watatu na wanaume watatu, Watwa na Waluba pamoja, kwenda Uingereza kufuata mafunzo ya upatanisho kwa muda wa wiki moja. Habari za mafunzo mmekwisha kuzipata kwa maandishi, na karatasi zake ziko kwa mwandishi wa baraza. Anayetaka kuzisoma amwone. Leo mmetuomba tuseme juu ya jambo lingine. Mtu akirudi kutoka mbali, watu wa nyumbani hawamwulizi alisoma nini, wanamwuliza aliona nini. Basi tutawaelezea siku moja tu, siku ya Ijumaa ambayo haikuwa na masomo. Siku hiyo tulitembezwa kwa miguu katika jiji la Coventry tangu asubuhi hadi giza kuingia. Ulikuwa mwezi wa Novemba, na huko mwezi huo giza linaingia saa kumi na moja jioni au kabla. Baridi hatutaisema, mtafikiri tunatia chumvi.

Coventry iko katikati ya Uingereza, mwendo wa saa moja hivi kwa treni kutoka London. Lina watu zaidi ya 340,000. Si jiji linalokimbiliwa na watalii, na wenyeji kadhaa walishangaa kusikia kwamba watu wametoka Kongo kuja kulitazama. Ni jiji la viwanda, na viwanda vyake vingi vimekwisha kufungwa. Hilo halikuwa geni kwetu. Sisi watu wa Kalemie tunajua kiwanda kilichonyamaza ni nini. Wazee wetu walifuma vitambaa Filtisaf, na leo tunapita pale tukiwaonyesha watoto kuta. Wenzetu wa Manono nao wana habari zao za bati. Kwa hiyo tulipoonyeshwa uwanja mtupu tukaambiwa hapa palikuwa na kiwanda, hatukuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Tulianzia katikati ya jiji, mahali panapoitwa Broadgate. Pale pana sanamu ya mwanamke amepanda farasi, hana nguo hata moja. Akina mama wetu waligeuza uso, kisha wakauliza ni nani huyo aliyeaibishwa hadharani. Anaitwa Godiva. Aliishi kweli, zaidi ya miaka 900 iliyopita, na mume wake Leofric alikuwa mtawala mkubwa. Pamoja walijenga nyumba ya watawa pale Coventry mwaka 1043. Hadithi inasema mume alitoza watu kodi nzito, mke akawaombea, na mume akamjibu kwa dharau kwamba ataiondoa siku mke atakapopita sokoni uchi juu ya farasi. Mke akapita. Wataalamu wanasema hadithi hiyo iliandikwa muda mrefu baada ya kifo chake, na huenda haikutokea. Hata hivyo watu wa jiji wanaipenda, nasi tuliipenda. Tulicheka tukihesabu ni farasi wangapi wangehitajika kuondoa barieri zote za barabarani kati ya hapa na Nyunzu.

Kutoka hapo tuliingia katika jumba la makumbusho ya vyombo vya usafiri. Tulifikiri tutakaa nusu saa. Tulikaa karibu saa tatu, na ndani yake tulijifunza mambo mawili ambayo hatukuyatazamia.

La kwanza ni kwamba jiji hilo limeanguka mara nyingi. Zamani watu wa Coventry walikuwa wafumaji wa tepe za hariri, zile wanawake wa Ulaya walizotia kwenye kofia na nguo zao. Mwaka 1860 serikali yao ilifanya mkataba wa biashara na Ufaransa, na tepe za Kifaransa zikaingia bila ushuru. Kazi ikavunjika kwa muda mfupi. Watu walilala njaa, na maelfu walihama, wengine wakavuka bahari wasirudi. Hakuna aliyewafyatulia risasi; saini za wakubwa zilitosha kuwatoa nyumbani. Waliobaki walitengeneza saa, kisha cherehani. Mwishoni mwa miaka ya 1860 kiwanda kimoja cha cherehani kikapokea oda ya baiskeli kutoka Ufaransa. Mwaka 1870 vita vikazuka kati ya Ufaransa na Prussia, njia ya kuuza Ufaransa ikafungwa, na mafundi wakalazimika kuuza baiskeli zao nyumbani. Ndivyo Coventry ilivyokuwa jiji la baiskeli, au kinga kama tunavyosema sisi.

Mwaka 1885 fundi John Kemp Starley alitoa pale Coventry baiskeli iliyoitwa Rover. Kabla yake baiskeli nyingi zilikuwa na gurudumu la mbele kubwa kuliko mtu, na aliyeanguka aliweza kuvunja shingo. Hii ya Starley ilikuwa na magurudumu yanayokaribiana kwa ukubwa, na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Ukiitazama unaona kinga ile ile inayobeba makaa, mihogo na mafuta ya mawese katika barabara zetu. Vijana wetu wanaoishi kwa kinga, babu yake anatoka pale.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop alibuni tairi la upepo huko Belfast, na wenye viwanda vya baiskeli wakalikimbilia. Mama mmoja kati yetu akamwuliza aliyetuongoza: mpira wa matairi yote haya ulitoka wapi? Akajibu vizuri, bila kuficha, kwamba mpira wa siku zile ulitoka Brazili na Afrika.

Ndugu zetu, tuweke miaka hiyo pamoja. Mwaka 1885, mwaka wa baiskeli ya Rover, ndio mwaka ambao wakubwa wa Ulaya walimtambua Leopold wa Pili wa Ubelgiji kuwa mwenye nchi yetu. Mwaka 1890 Kongo ilitoa mpira wa tani 100 hivi. Mwaka 1901 ilitoa karibu tani 6,000. Kati ya tarakimu hizo mbili ndimo walimo babu zetu waliopewa kiasi cha kuleta kutoka msituni, wake zao wakifungwa mpaka mpira ufike, na vijiji vilivyoshindwa vikachomwa. Askari walidaiwa kuonyesha mkono wa mtu kwa kila risasi waliyotumia. Hatusemi kwamba kila tairi la Coventry lilikuwa na damu yetu. Mpira mwingi ulitoka kwingine. Wala fundi wa Coventry aliyefunga tairi kwenye gurudumu hakujua jina la mto wetu hata mmoja. Tunasema kwamba furaha ya watu waliotoka Jumapili kutembea kwa baiskeli, na kilio cha msituni, vilikuwa vya miaka ile ile na vilifungwa kwa kamba moja.

Tunataja jambo hili kwa sababu halijaisha. Mwaka 2021 ulifunguliwa pale Coventry kituo kikubwa cha kufanyia majaribio ya kutengeneza betri za motokari. Karibu na jiji zinaundwa teksi za umeme. Betri nyingi zinahitaji litiamu, na nyingi zinahitaji pia kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, na litiamu ya Manono, hapa mkoani kwetu, inatajwa kati ya akiba kubwa za dunia. Basi kijana wa Manono anayesikia kwamba ardhi ya babu yake imepimwa, ajue kwamba swali la yule mama kule makumbushoni ni swali lake.

Habari za motokari tutazipita haraka. Viwanda vya kwanza vya motokari vya Uingereza vilianza pale, Daimler mwaka 1896, na baadaye Jaguar, Triumph na vingine vingi. Watu walikuja kutafuta kazi kutoka Ireland, India, Pakistani na visiwa vya Karibi. Tangu miaka ya 1970 kazi zikaanza kupotea, na mwaka 1981 hali ilikuwa mbaya sana. Mwanafunzi mwenye asili ya Asia aliuawa katikati ya jiji na vijana weupe wenye chuki. Kundi la muziki la The Specials, weusi na weupe pamoja, watoto wa Coventry, lilitoa mwaka huo wimbo "Ghost Town" juu ya miji iliyokufa. Walipiga pia muziki uwanjani ili kuwaleta watu pamoja. Kiwanda kikuu cha Jaguar kiliacha kuunda motokari mwaka 2005, na kile cha Peugeot cha Ryton, kando ya jiji, kilifungwa mwaka 2006, watu zaidi ya 2,000 wakabaki bila kazi hiyo. Siku hizi jiji linaishi zaidi kwa vyuo vikuu vyake, na barabarani tulisikia lugha nyingi kuliko sokoni kwetu. Kiswahili pia tulikisikia.

Saa sita kasoro tulipelekwa kwenye magofu.

Lazima tuwaeleze vizuri jinsi yalivyo. Ni kanisa kubwa la mawe mekundu, la Mtakatifu Mikaeli, lililojengwa zaidi ya miaka 500 iliyopita. Kuta zinasimama. Mnara wake mrefu, karibu mita 90, unasimama. Lakini halina paa, na madirisha hayana vioo. Unaingia mlangoni kama mtu anayeingia kanisani, na mvua inakunyeshea. Chini ni sakafu ya mawe, na watu wanakaa kwenye mabenchi, wengine wanakula mkate wao wa mchana.

Lilichomwa usiku mmoja, tarehe 14 Novemba 1940. Ndege za Ujerumani zaidi ya 500 zilishambulia tangu jioni hadi karibu na mapambazuko, muda wa saa kumi na moja hivi. Watu wasiopungua 568 walikufa. Nyumba zaidi ya 4,000 zilibomoka kabisa. Viwanda vya Coventry vilikuwa vinatengeneza injini na vifaa vya ndege za vita, na viwanda hivyo vilikuwa katikati ya nyumba za watu. Bomu halikutafuta tofauti. Asubuhi hakukuwa na maji wala gesi wala umeme. Wakuu wa afya waliwaambia watu wachemshe maji wasije wakapata tifoidi. Tena kuna jambo ambalo lilitugusa: usiku baada ya usiku watu wa jiji walitoka kwa miguu, kwa baiskeli na kwa malori, wakaenda kulala mashambani, katika maghala ya nyasi au chini ya ua, kisha asubuhi wakarudi kazini. Wazungu wa Coventry walikuwa wadeplase. Mama mmoja wetu, aliyelala porini na watoto wanne mwaka 2017, aliposikia hayo alikaa chini kwenye jiwe, na kwa muda hatukusema neno.

Siku zile mkuu wa kanisa hilo alikuwa Richard Howard. Baada ya moto, fundi wa mawe aliona boriti mbili za paa zilizoungua zimeanguka kwa mfano wa msalaba. Akazifunga na kuzisimamisha. Padri mwingine alichukua misumari mitatu ya zamani ya paa akaunga msalaba mdogo. Baadaye Howard aliagiza maneno mawili yachongwe ukutani nyuma ya madhabahu: Baba samehe. Angalieni, hayasemi "uwasamehe hao". Yamekatwa pale. Maana yake ni kwamba anayeomba hajajitoa katika hesabu.

Kila Ijumaa saa sita mchana watu wanakusanyika katika magofu hayo kufanya sala ya upatanisho iliyoandikwa mwaka 1958. Nasi tulisimama nao. Ni sala fupi, haifiki dakika kumi. Msomaji anataja dhambi moja moja: chuki kati ya mataifa na rangi, tamaa ya mali za watu, ulafi unaonyonya kazi ya wengine na kuharibu ardhi, na nyingine. Kwa kila moja watu wanaitikia maneno yale yaliyo ukutani. Ilipotajwa ile ya ulafi, sisi tuliotoka kutazama matairi tuliangaliana. Hatukuwa tumetegemea kusikia watu wa pale, katika mahali pao pa msiba wao wenyewe, wakitubu juu ya jambo hilo. Wangeweza kulia tu na kwenda zao.

Baada ya sala tulizungumza kwa Kiswahili, tukiwa tumesimama kwenye baridi, na mazungumzo yalikuwa makali. Tutawaeleza kama yalivyokuwa.

Mmoja wetu alisema: hawa ilikuwa rahisi kwao. Adui yao alipita angani, hawakumwona uso. Wa kwetu tunakutana naye kwenye kisima, tunajua jina la mama yake, amevaa koti la marehemu.

Mwingine akajibu kwamba haikuwa rahisi kama inavyoonekana. Howard alisema maneno yake kwa redio siku ya Krismasi 1940, ndani ya magofu, wiki sita hazijatimia. Alisema vita vikiisha watashirikiana na waliokuwa adui zao kujenga dunia yenye upole zaidi. Vita vilikuwa bado. Aprili 1941 ndege zilirudi zikaua mamia wengine. Na watu wengi katika nchi yake walitaka kisasi, si msamaha.

Wa tatu akasema: na kisasi walikipata. Hamburg mwaka 1943, Dresden mwezi wa Februari 1945 ambako walikufa watu hadi 25,000, wengi wao raia na wakimbizi. Neno la Howard halikuzuia hata bomu moja. Basi lilifaa nini?

Swali hilo lilitusumbua, na jibu tulilopata liko katika miaka. Mwaka 1959 Coventry na Dresden zilifanya urafiki wa miji. Mwaka 1961 vijana wa Ujerumani walikuja Coventry, wakafanya kazi kwa mikono yao katika magofu hayo, wakijenga chumba cha kukutania. Mwaka 1965 vijana wa Coventry walikwenda Dresden kusaidia kujenga upya hospitali. Kanisa kubwa la Dresden lilipofunguliwa tena mwaka 2005, msalaba wa juu ya paa ulikuwa umetengenezwa na fundi Mwingereza ambaye baba yake alikuwa rubani katika mashambulizi yale. Kwa hiyo kutoka neno la redio hadi koleo la kwanza ni miaka ishirini na moja. Tunaona ni vema wafadhili wanaotupatia mradi wa amani wa miezi tisa walisikie hilo. Na urafiki wa namna hiyo unaweza pia kukatika: Coventry ilikuwa na urafiki na Stalingrad, sasa Volgograd, tangu 1944, na mwaka 2022, Urusi ilipoishambulia Ukraine, jiji liliusimamisha.

Kuna jambo jingine ambalo halimo katika vijitabu vya upatanisho, tulilipata kwa kuuliza. Mwaka 1941 serikali ya Uingereza ilitunga sheria ya fidia kwa mali iliyoharibiwa na vita. Aliyebomolewa nyumba alikuwa na ofisi ya kwenda na fomu ya kujaza. Hata kanisa jipya, sehemu kubwa ya gharama yake ilitoka katika fedha hizo. Hatusemi kila mtu aliridhika, wala kwamba fedha zilifika upesi. Lakini msamaha pale haukuwekwa mahali pa fidia. Vilikwenda pamoja, kila kimoja kwa mlango wake.

Tuseme wazi, maana hapa tuko nyumbani. Tangu mapigano ya Watwa na Waluba ya miaka ya 2016 na 2017 tumeitwa katika warsha nyingi sana. Tunaambiwa tusameheane, tunapewa soda, tunapigwa picha ya pamoja, tunarudi chini ya shitingi. Shamba liko mikononi mwa mwingine, na hakuna ofisi wala fomu. Kule tulichokiona ni kwamba neno la msamaha lilichongwa na waliounguzwa, kwa hiari yao, kwenye ukuta wao. Hakuna mgeni aliyekuja kuwaagiza walichonge. Kwa maoni yetu mtu wa nje anaweza kuleta shitingi, mbegu, hata wakili. Neno lile hawezi kutuletea.

Mchana tuliingia katika kanisa jipya. Limejengwa kwa mawe ya rangi ile ile, limeunganishwa na magofu kwa ukumbi mrefu, na kati yake kuna ukuta mzima wa vioo uliochorwa malaika na watakatifu, hivi kwamba aliye ndani anapogeuka anaona magofu. Mchoraji wa ramani, Basil Spence, alishinda mashindano mwaka 1951, naye aliamua kutobomoa lile la zamani. Lilizinduliwa tarehe 25 Mei 1962. Nyuma ya madhabahu inaning'inia nguo kubwa iliyofumwa Ufaransa, sura ya Kristo, yenye urefu wa mita zaidi ya 20. Mafundi wetu wa Filtisaf wangekaa kuitazama siku nzima. Wenyeji wengine hawalipendi jengo hilo, wanasema linafanana na kiwanda. Kwa jiji kama lile, sisi hatukuona kwamba hilo ni tusi.

Nje, ndani ya magofu, kuna sanamu ya mwanamume na mwanamke wamepiga magoti, wamekumbatiana kwa shingo, nyuso hazionekani. Nakala yake nyingine iko Hiroshima. Tulipigwa picha pale. Ndiyo mliyoiona kwenye ubao.

Mahali pa mwisho palikuwa makaburi ya London Road, mwendo mfupi kwa miguu. Giza lilikuwa linakaribia. Mwezi ule wa Novemba 1940 wengi wa waliokufa walizikwa pale katika kaburi la pamoja, mahandaki marefu, majeneza yamepangwa kando kwa kando, kwa sababu wengine hawakuweza kutambuliwa na muda haukuwepo. Leo ni bustani iliyotunzwa, na majina yao yameandikwa. Tulisoma majina hayo kwa sauti ya chini, kila mtu upande wake. Unakuta jina la ukoo mmoja mara tatu, mara nne, unajua ni nyumba moja.

Pale ndipo tulipoona tulichokosa. Wafu wetu wa Nyunzu, wa Manono, wa vijiji vya barabarani, majina yao yako katika vichwa vya watu. Wazee wakiondoka, yanaondoka nao. Watoto waliozaliwa kambini wanajua kwamba babu aliuawa, hawajui kijiji wala mwaka. Na jina lisiloandikwa linaongezeka kila linaposimuliwa: kumi wanakuwa mia, na mia ni sababu ya kuchukua mshale tena.

Usiku ule, katika nyumba tuliyolala, tulikubaliana kuwaletea pendekezo moja la daftari. Ndani yake yaandikwe majina ya waliokufa, umri, kijiji, mwaka, na jinsi walivyokufa kama inajulikana. Hapo tulikubaliana upesi. Tuligawanyika juu ya jambo lililofuata. Wanne wetu walitaka daftari liwe moja, likipangwa kwa vijiji, Mtwa na Mluba katika ukurasa mmoja kama walizikwa katika kijiji kimoja. Wawili walikataa. Walisema hawawezi kuandika jina la mtoto wao chini ya jina la mtu ambaye labda ndiye aliyemwua, na kwamba Coventry haikuandika majina ya marubani pamoja na majina ya wafu wake. Hawa wawili hawakutoka kabila moja, mmoja ni Mtwa na mmoja ni Mluba. Tulijaribu kuwashawishi mpaka usiku wa manane, na hatukuweza. Bado wana msimamo huo, wamekaa hapa mbele, na wamekubali tuwaeleze hivyo.

Kwa hiyo hatujaleta uamuzi. Baraza litakaa Jumamosi ijayo, saa tatu asubuhi, chini ya mwembe wa shule, kujadili kama daftari litakuwa moja au mawili. Wakati tunangoja, kuandika kunaweza kuanza kwenye karatasi moja moja. Kila familia ije na majina yake. Asiyejua kuandika, walimu wawili watakuwepo kila siku baada ya masomo, nao wameapa kutomwonyesha mtu karatasi ya mwingine. Anayetaka kusema jina kwa faragha, akina mama watatu wa ujumbe wetu watampokea nyumbani kwao.

Sasa tunapokea maswali, tukianza na wazee.